Maoni ya wageni wa hoteli moja ya ufukweni yanapingana: wenye watoto wadogo tuamini yapi?

JuaLaAsubuhi

Wadau, habari zenu. Nimebakiza hoteli tatu za ufukweni, zote zinajinadi kuwa za familia, na kila nikisoma maoni ya wageni nazidi kuchanganyikiwa. Hoteli ileile, mwezi uleule: mmoja anasema bahari ilikuwa tulivu na watoto waliogelea kila asubuhi, mwingine anasema wiki nzima aliona matope na mawe. Mmoja anasifu utulivu wa usiku, mwenzake hakupata usingizi. Mmoja chakula kilikuwa cha moto, mwingine alikuta kimepoa.

Tutakuwa watano: watu wazima wawili, bibi yao watoto ambaye magoti yanamsumbua, mtoto wa miaka saba na mwingine wa miaka miwili. Usiku sita. Naomba wenye ujuzi wanisaidie: haya maoni yanasomwaje, niulize nini kabla ya kulipa, na tukifika nikague nini kabla ya kufungua mabegi?

---

DawatiLaMbele

Dada, wengi wa hao waliandika kweli tupu. Walichotofautiana ni chumba walichopewa, wiki waliyokuja na saa walizokwenda kula. Ukishajua hivyo, nyota zinapungua umuhimu.

Chuja kwanza maoni ya mwezi mnaotaka kwenda, ya miaka miwili ya karibuni tu. Ya zamani zaidi huenda yanazungumzia meneja, mpishi na hata jengo ambalo halipo tena. Kisha tafuta yenye kitu cha kushika: ghorofa, jengo, umri wa watoto, saa. "Huduma nzuri sana, tutarudi" haikusaidii chochote. "Chumba kinatazama jukwaa, muziki ulizimwa saa tano usiku, mtoto wa mwaka mmoja hakulala" inakusaidia hata kama mwandishi alikuwa amefura kwa hasira, maana imekuonyesha upande wa kukwepa. Jambo likitajwa na wageni watatu wasiojuana, lichukue kuwa ndivyo lilivyo. Na picha za wageni zitazame kwa makini kuliko za hoteli: nyuma ya mtoto anayecheka utaona ukingo wa roshani ulivyo, ngazi zilivyo nyingi, kina kilichoandikwa kando ya bwawa.

Soma pia hoteli inavyojibu. Shukrani moja iliyobandikwa kwa kila mtu haina maana. Jibu linalosema kitu gani kilitengenezwa na lini, hilo linatoka kwa meneja anayesoma.

Sasa chumba, na hapa ndipo familia nyingi huumia. Kuna vyumba jirani na kuna vyumba vyenye mlango wa ndani kati yake. Jirani maana yake mnashirikiana ukuta. Kumfikia mtoto lazima utoke koridoni au nje. Ukiandika tu "vyumba vya karibu" utapewa jirani. Hata ukiandika "vyenye mlango wa ndani", mfumo wa kuweka nafasi kwa kawaida hulipokea kama ombi, na ombi si ahadi. Vyumba hivyo huwa vichache, na kwa kawaida namba ya chumba hupangwa asubuhi ya siku ya kufika au usiku wa kuamkia. Mgeni aliyemo akiongeza siku mbili, ombi lako limekwenda. Tafuta jibu la maandishi lenye neno "tumethibitisha". "Tutajitahidi" maana yake hakuna kilichofungwa.

Chumba kinachoitwa cha familia nacho uliza vitanda vyake kimoja kimoja. "Kinalaza wanne" mara nyingi ni kitanda kikubwa kimoja na sofa ya kukunjua, na kukunjua sofa huziba njia ya bafuni. Kwa bibi mwenye magoti anayeamka usiku hiyo haifai. Kitanda cha mtoto mdogo huchukua takriban sentimita 120 kwa 60 za sakafu. Sofa ikikunjuliwa, waulize hicho kitawekwa wapi.

Saa ya kuingia chumbani kwa kawaida ni saa nane au saa tisa alasiri, na kutoka ni kati ya saa nne na saa sita. Mkifika asubuhi, msitegemee chumba. Chumba kilichotokwa na mgeni huchukua kama nusu saa hadi dakika 45 kusafishwa, na siku ya Jumapili nusu ya hoteli inaweza kuwa inatoka kwa wakati mmoja. Beba begi moja dogo kando lenye nguo za kuogelea, nepi, dawa, krimu ya jua na nguo moja ya kubadili kila mtoto, mabegi mengine yabaki mapokezi. Bila begi hilo mtakaa ukumbini saa nne mkitazama bwawa.

Jambo dogo linalozua ugomvi mkubwa: hoteli nyingi huzuia kiasi fulani kwenye kadi siku ya kufika kama dhamana. Si malipo, lakini hamwezi kukitumia, na benki inaweza kuchukua siku kadhaa kukiachia baada ya kuondoka. Uliza ni kiasi gani kabla hamjaondoka nyumbani.

---

MajiMakuu

Naomba nijibu lile la bahari maana ndilo lililokuchanganya zaidi, na jibu lake liko mwezini.

Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa takriban saa 24 na dakika 50. Kwa hiyo kila siku yanachelewa kama dakika 50. Chukua mfano: mmefika, maji yamejaa saa nne asubuhi. Kesho yatajaa karibu saa nne na dakika 50, keshokutwa karibu saa tano na dakika 40. Baada ya siku saba mmesogea karibu saa sita nzima, na saa nne ileile asubuhi sasa maji yamepwa. Familia iliyokuja wiki ya kwanza iliogelea kila asubuhi baada ya kifungua kinywa. Iliyokuja wiki ya pili ilikuta mchanga, mawe na mwani. Ufuko ni mmoja na wote wawili wamesema kweli.

Halafu kuna bamvua na maji mafu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pamoja na siku moja mbili baadaye, maji hujaa sana na kupwa sana. Kati yake, mwezi ukiwa nusu, maji hupanda na kushuka kidogo tu. Kwenye ufuko wenye mteremko mdogo, kupwa kwa bamvua kunaweza kuyasogeza maji mamia ya mita kutoka kwenye viti vya hoteli. Picha za matangazo hupigwa maji yamejaa. Hilo si kosa, ila lazima ulijue.

Kwa hiyo tafuta jedwali la maji la eneo lenyewe kwa tarehe zenu, linapatikana mtandaoni bure. Tazama ni siku ngapi kati ya sita maji yamejaa kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, maana baada ya hapo jua ni kali kwa mtoto wa miaka miwili. Ukikuta siku mbili tu, sogeza safari wiki moja mbele au nyuma. Zipo bahari ambazo hili halina uzito, kama Mediterania ambako maji hayapandi wala kushuka sana. Huko uliza zaidi kuhusu upepo na mawimbi.

Uliza pia kama kuna mwamba mbele ya hoteli. Mwamba ukiwepo, mawimbi yanavunjikia huko na ndani kunakuwa na maji tulivu, jambo zuri kwa watoto. Lakini chini mara nyingi kuna mawe na wale wadudu wa miiba mirefu myeusi. Viatu vya majini kwa kila mtu, bibi pia. Pasipo mwamba mchanga ni laini, ila mawimbi yanafika moja kwa moja na ndipo mkondo wa kuvuta hutokea. Mkondo huo utautambua kama njia ya maji yenye rangi nzito kati ya mawimbi, mahali yanapovunjika kidogo kuliko pembeni, na povu au mchanga unaelekea baharini. Watu hupenda kuingilia hapo kwa sababu panaonekana patulivu, na ndipo pabaya. Aliyeshikwa asipigane na maji kurudi alikotoka: aelee, anyooshe mkono kuomba msaada, na kama ana nguvu aogelee sambamba na ufuko hadi atoke kwenye njia hiyo ndipo arudi.

Bendera mfundishe huyo wa miaka saba siku ya kwanza. Fukwe nyingi hufuata utaratibu mmoja. Iliyo nyekundu juu na njano chini inaonyesha eneo lenye waokoaji. Ogeleeni kati ya bendera hizo mbili. Njano peke yake ni tahadhari. Nyekundu moja ni hatari kubwa, mbili maji yamefungwa. Zambarau ni viumbe wa kuuma, kama yavuyavu. Ile ya miraba minne, nyeusi na nyeupe, ni eneo la mbao za mawimbini, waogeleaji wasiingie. Na ukiona mfuko wa upepo wa rangi ya chungwa, maboya na magodoro ya kupuliza yasiingie majini kabisa: upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Asubuhi mapema upepo huo ni wa kawaida hata bila bendera. Mtoto juu ya boya la kupuliza anasukumwa nje haraka kuliko mtu mzima anavyoogelea.

Na mashimo ya mchanga, ambayo wazazi huwa hawayafikirii. Shimo lisizidi magoti ya mtoto mdogo kuliko wote, na wasichimbe handaki kwa pembeni. Mchanga mkavu unaporomoka bila dalili na uzito wake hauruhusu kifua kupanua pumzi. Mkiondoka, lifukieni.

---

JuaLaAsubuhi

MajiMakuu, asante sana, nimetazama jedwali na kumbe tarehe tulizochagua ni siku moja tu kati ya sita yenye maji asubuhi! Tunasogeza. Swali jingine: hoteli mojawapo imetupa chumba cha chini kinachofunguka moja kwa moja bwawani, na wanakiita bora kwa familia kwa sababu ya kigari cha mtoto na magoti ya bibi. Nikubali?

---

KlorininaPampu

Usikubali. Kwa mtoto wa miaka miwili chumba hicho ndicho kibaya kuliko vyote hotelini. Mlango wa kioo unaoteleza, hatua tano, maji. Mtoto mdogo hazami kwa kelele na kurusha mikono. Anazama kimya, na dakika chache zinatosha. Mtu yuko bafuni, mwingine anafungua begi, kila mmoja anadhani mwenzake anatazama.

Omba chumba cha chini upande wa bustani. Magoti ya bibi yamepona na bwawa liko mbali. Kama lazima kiwe cha bwawani, basi mlango uwe na komeo la juu asilolifikia mtoto, na mlijaribu nyinyi wenyewe kabla ya kupokea ufunguo.

Bwawa lenyewe mlikague mchana wa siku ya kwanza. Simama kando ya sehemu yenye kina kirefu na utazame chini: kifuniko cha tundu la kunyonya maji lazima kionekane wazi na mistari yake. Kama hakionekani, maji ni machafu au kemikali zimepotea, na muhimu zaidi, mwokoaji hawezi kumwona mtu aliyelala chini. Kifuniko kikiwa kimelegea, kimevunjika au hakipo, msiingie na mtoe taarifa papo hapo. Nguvu ya pampu inaweza kushika nywele au mwili wa mtoto na mtu mzima asiweze kumwondoa. Uliza swichi ya kuzima pampu iko wapi. Mhudumu wa bwawa anayejua kazi yake atakuonyesha kwa kidole.

Harufu kali ya "klorini" watu huidhani usafi. Ni kinyume chake. Klorini safi kwa kiwango chake haina harufu ya kuchoma. Ile inayowasha macho ni klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo, na nguvu yake ya kuua vijidudu imepungua. Vipimo vinavyotakiwa ni klorini huru (ambayo bado haijaungana na uchafu) isiyopungua miligramu 1 kwa lita na pH (kipimo cha uchachu wa maji) kati ya 7.0 na 7.8. Hoteli makini huandika vipimo vya siku kwenye ubao karibu na bwawa. Ukitaka uhakika, karatasi za kupimia ni ndogo na rahisi: chovya, subiri kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, linganisha rangi.

Nepi za kuogelea hushika kinyesi kigumu kwa muda tu. Kinyesi cha kuharisha haziwezi kukizuia. Mtoto anayeharisha asiingie bwawani hata kama amechangamka. Kuna kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu kinachoweza kuishi zaidi ya siku saba kwenye maji yenye klorini ya kutosha, ndiyo maana ugonjwa wa tumbo husambaa hotelini kupitia bwawa wakati kila mtu analaumu jikoni. Aliyethibitishwa kuwa nacho akae nje ya maji wiki mbili baada ya kuharisha kukoma.

Kuhusu mwokoaji, uliza saa zake na uliza kama ndiye huyohuyo anayegawa taulo na kupanga viti. Kama ndiye, hesabu kwamba hamna mwokoaji. Wekeaneni zamu nyinyi wenyewe, dakika 15 kwa 15: aliye zamu hana simu, hana kitabu, na kwa mtoto wa miaka miwili yuko majini umbali wa mkono. Zamu ikikabidhiwa kwa kutamkwa, kila mtu anajua nani anatazama. Maboya ya mikononi ni vitu vya kuchezea, yanatoka. Jaketi la kuokolea lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu ndilo la kutegemea, na hata hilo haliondoi zamu. Nguo ya kuogelea iwe ya rangi ya chungwa au waridi inayong'aa. Buluu na nyeupe zinapotea ndani ya maji.

---

Ufunguo_wa_Ghorofa

Nakubaliana na bustani badala ya bwawa, lakini msikimbilie chini bila kufikiri. Vyumba vya chini ndivyo vyenye unyevu zaidi, na mara nyingi ndivyo vilivyo karibu na pampu, jiko au chumba cha kufulia. Kama lifti ipo na inafanya kazi, ghorofa ya kwanza mbali na jukwaa ni sawa kwa bibi pia, mradi roshani iwe salama. Mwambieni mapokezi awaonyeshe ramani ya hoteli, muweke kidole kwenye jukwaa la burudani, jenereta na mlango wa nyuma wa jiko ambako magari ya mizigo huingia alfajiri, halafu muulize chumba chenu kiko wapi.

Roshani: nafasi kati ya nguzo isizidi sentimita 10, kimo cha ukingo kiwe mita moja au zaidi, na mistari iwe ya kusimama, ya kulala mtoto huipanda kama ngazi. Viti na meza viingizwe ndani, maana mtoto hupanda kiti kwanza.

Mkifungua mlango wa chumba, kabla ya kitu kingine fungua bomba la bafu la moto na baridi, liache litiririke dakika chache, kaeni mbali na mvuke. Chumba kilichokaa bila mgeni maji yake husimama kwenye mabomba na bakteria huongezeka. Hapohapo pima ukali wa moto wake: mabomba ya hoteli yanaweza kutoa maji ya nyuzi 60, yanayounguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache. Beseni lijazwe baridi kwanza.

Kitanda cha mtoto kikaguliwe godoro: gumu, bapa, na pembeni visiingie vidole viwili. Kama kuna pengo, wasijazie kwa mto au blanketi, aletewe kingine. Kamba za mapazia zifungwe juu.

Kiyoyozi kinacholalamikiwa mara nyingi hakijaharibika. Vingi vimeunganishwa na mlango wa roshani, ukiwa wazi hata kidogo kinazima chenyewe. Na visivyo na kinga hiyo, mlango ukiachwa wazi hewa yenye unyevu wa bahari inaingia, inagusa ubaridi, inakuwa maji, sakafu inateleza. Bibi asianguke kwa sababu hiyo. Fungeni, wekeni nyuzi 24 hadi 26, kipeni nusu saa kabla ya kuita fundi.

Lingine wageni huligundua wakiwa wamechelewa: ile kadi ya mlangoni inayowasha umeme. Ukiichomoa, katika hoteli nyingi friji ndogo nayo inazima. Na hizo friji hata zikiwaka hazifikii ubaridi wa friji ya nyumbani. Maziwa ya mama yanahitaji nyuzi 4 au chini, insulini nyuzi 2 hadi 8. Kama mna dawa ya kuhifadhiwa baridi, ombeni friji ya dawa mapema, au iwekwe kwenye friji ya kliniki ya hoteli kwa jina na namba ya chumba.

---

MuuguziWaZamu

Naongeza ya mezani na tumboni, kwa kifupi.

Yule aliyesifu chakula cha moto na yule aliyekuta kimepoa walitofautiana saa tu. Kwenye bufee nendeni nusu saa ya kwanza: trei zimetoka jikoni, foleni hakuna, viti virefu vya watoto bado vipo. Vya moto vinatakiwa kubaki juu ya nyuzi 60, vya baridi chini ya 5, na kilicho katikati kisikae zaidi ya muda wa saa mbili. Ishara rahisi ni mvuke ukifunua, na barafu chini ya vyombo vya baridi. Wali uliopoa mezani muuache. Vijidudu vyake huacha sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi.

Chakula cha jioni hoteli nyingi huanza saa moja, na mtoto wa miaka miwili anataka kula saa kumi na moja na nusu. Ulizeni kama jiko linaweza kumwandalia mapema. Nyingi huweza, lakini lazima uombe kabla ya saa nane mchana wakati wapishi wanapanga kazi ya jioni.

Mwenye mzio asitegemee vibao vya majina. Tatizo la bufee ni kijiko kimoja kuhamishwa kutoka sahani hadi sahani. Mwambie mpishi mkuu, siyo mhudumu pekee, na uombe sahani itoke jikoni.

Bebeni pakiti za chumvi ya kuongeza maji mwilini. Zikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita bapa vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Msizidishe chumvi. Huyo wa miaka miwili apewe mililita 100 hadi 200 kila anapoharisha, kidogo kidogo kwa kikombe. Akitapika subiri dakika kumi uanze tena polepole. Macho yakizama, asipokojoa kwa saa sita, au damu ikionekana kwenye choo, ni daktari mara moja.

Jua: kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni wakae kivulini. Krimu ya kinga 30 au zaidi ipakwe dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, irudiwe kila saa mbili na kila wanapotoka majini. Mwavuli peke yake hautoshi, kwa sababu mchanga mkavu hurudisha takriban asilimia 15 ya miali na povu la bahari asilimia 25, kutoka chini. Shati la kuogelea la mikono mirefu linafanya kazi kuliko krimu yoyote.

---

JuaLaAsubuhi

Nimeandika yote. La mwisho: klabu ya watoto ya kumwacha huyu wa miaka saba, na tukifika tukakuta mambo si yale tuliyoahidiwa, tunaanzia wapi? Sitaki kungoja hadi nikaandike maoni ya hasira na mimi.

---

DawatiLaMbele

Klabu: uliza umri wanaopokea (nyingi huanza miaka minne), watoto wangapi kwa mlezi mmoja, na kama huwapeleka bwawani au baharini. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Kama huwapeleka, taka kujua nani mwokoaji siku hiyo; jibu likiwa la kigugumizi, andika kwenye fomu kwamba mtoto wako haingii majini. Kumchukua kuwe kwa saini na jina lililoandikwa asubuhi. Jaribu: mtume mtu mzima ambaye jina lake halimo. Wakimkabidhi mtoto, msimrudishe tena.

Kuhusu malalamiko, saa ndiyo kila kitu. Chumba kibaya lalamika kabla ya kufungua mabegi, na kabla ya saa kumi na moja jioni, maana baadaye vyumba vilivyo wazi vimeshagawiwa waliofika. Piga picha, nenda mapokezi, omba meneja wa zamu, sema tatizo moja na suluhisho moja: "Chumba kina unyevu ukutani, naomba cha ghorofa ya kwanza upande wa bustani." Ukimwaga kumi kwa pamoja, atashughulikia lililo rahisi. Wakisema hoteli imejaa, omba jina lako liwe la kwanza kwa vyumba vinavyotokwa kesho, na iandikwe kwenye kumbukumbu ya chumba chako, kwa sababu zamu ikibadilika wa usiku hajui uliahidiwa nini. Lalamiko la siku ya kuondoka meneja hana la kutengeneza, amebaki na pole tu.

Ujumbe wa kutuma kabla ya kulipa uwe mfupi, ili ujibiwe mstari kwa mstari. Mfano:

"Tunakuja watu wazima watatu na watoto wawili, miaka 7 na 2, usiku sita. Tafadhali thibitisheni kwa maandishi: vyumba viwili vyenye mlango wa ndani, upande wa bustani, mbali na bwawa na jukwaa, bafu la kusimama lenye kishikio, si la kuingia kwa kupanda, kitanda kimoja cha mtoto, chakula cha mtoto saa kumi na moja na nusu jioni, saa za mwokoaji wa bwawa, kiasi cha dhamana kwenye kadi. Je, kuna ujenzi au ukarabati wowote tarehe hizo?"

Hilo la ujenzi usiliache. Kama hujauliza, hakuna atakayekuambia.

---

MajiMakuu

Ongeza mstari mmoja: "Maji yakipwa kabisa, kuna sehemu gani ya kuogelea na ni umbali gani kutoka vyumbani?" Mtu wa mapokezi anayeishi na ufuko huo atakujibu kwa mita au kwa dakika za kutembea. Ukijibiwa "ufuko wetu ni mzuri wakati wote", rudi kwenye jedwali na picha za wageni ukatafute mwenyewe.